Evaristo Cialfi, Aliyeishi kwa Jina la Kopo la Biskuti

Baba Paroko Don Tarcisio, Bi Ondina mjane wetu, ndugu, majirani wa Pietrafosca, na ninyi wageni mliosafiri kutoka mbali, ambao fulana zenu zenye mafuvu zimemtia mzee wa sakristia wasiwasi tangu asubuhi, poleni na msiba, karibuni mkae. Familia ya Cialfi imenituma mimi, Ersilia, mpwa wa marehemu, niwasomee maisha yake, naye mwenyewe aliniachia agizo moja tu, nisiyapambe, maana alisema, "Ukinifanya mtakatifu, Ersilia, watu watasinzia, na mimi tangu nizaliwe sijawahi kusinzisha mtu."

Marehemu Evaristo Cialfi alizaliwa siku ya Jumatatu, tarehe 9 Februari 1931, hapa hapa Pietrafosca, katika nyumba ya mtaa wa chini karibu na chemchemi, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa mzee Donato Cialfi, mchunga kondoo, na mkewe Filomena Iafolla, wakati theluji imefunga njia zote, hata mkunga akaletwa juu ya nyumbu, akafika mtoto amekwisha kuzaliwa na mama yuko jikoni anakoroga polenta, ugali wetu wa mahindi.

Hapa inanibidi niseme neno juu ya bibi Filomena, kwa sababu bila yeye historia hii haisimami. Babu Donato alikuwa akishuka na kondoo nyanda za Puglia kila Septemba na kurudi Mei, hivyo bibi ndiye aliyelea watoto, naye hakuwa na muda wa kuwafuata mmoja mmoja kule waliko, alisimama mlangoni saa sita mchana, akaweka mikono miwili mdomoni, akaita, na sauti yake ikavuka korongo lote hadi ng'ambo, ikigonga mwamba na kurudi, kiasi kwamba mbwa walinyamaza, na watoto wa nyumba nyingine nao wakaanza kurudi kwao wakidhani wameitwa wao. Haikuwa na maneno, ilikuwa mwito tu, mrefu, wenye kupanda na kukatika mwishoni, na kila aliyezaliwa kijijini hapa kabla ya mwaka 1960 anaujua kama anavyojua kengele ya kanisa.

Marehemu alianza shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1937, akamaliza mwaka 1942, kisha akasoma kwa mapadre kule Sulmona, ambako alifaulu somo la dini na muziki na kufeli yote yaliyobaki. Shule yake halisi ilikuwa ukumbi wa parokia, ule ulio mkabala na mlango huu, ambako hayati Don Ubaldo alionyesha sinema kila Jumapili baada ya misa ya pili, huku ameketi kando ya mashine, tayari kuziba lenzi kwa kiganja chake pindi watu wawili kwenye picha wanapokaribiana nyuso. Mwezi Machi 1946 ililetwa kwa makosa filamu ya kutisha, watu wakaanza kupiga ishara ya msalaba na kujificha chini ya mabenchi, marehemu akiwa wa kwanza, mara mashine ya sauti ikaharibika, na yule zimwi aliyekuwa akiwatoa jasho akabaki anapanuapanua mdomo bila mlio kama mtu aliyekabwa na mfupa wa samaki, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Marehemu alitoka chini ya benchi akiwa na miaka kumi na mitano na jambo moja kichwani, kwamba woga wa mtu haukai machoni, unakaa masikioni. Don Ubaldo naye alitoka na jambo lake, akaapa kwamba filamu ya namna ile haitakanyaga tena ukumbi wa parokia, na kiapo hicho alikitunza mpaka kufa.

Kuhusu kazi, marehemu alikwenda Roma tarehe 2 Oktoba 1950, akabeba nyaya katika studio, kisha kuanzia mwaka 1953 akawa fundi katika chumba cha kutia sauti, kwa maana wakati ule filamu zetu zilipigwa bubu, sauti ikawekwa baadaye, hivyo mbele ya kamera Mfaransa alisema Kifaransa chake, Mhispania Kihispania chake, na aliyesahau maneno alihesabu moja mpaka ishirini kwa uso wa huzuni, kisha mafundi wa aina ya marehemu wakakaa gizani wakitafuta mlio wa kila hatua, kila mlango na kila pigo la kisu, ambalo yeye alilitengeneza kwa kuchoma tikiti maji. Miaka tisa alifanya kazi hiyo, na waongozaji wakaanza kusema kwamba filamu mbovu ikipita mikononi mwa Cialfi, watazamaji hawaendi chooni.

Mwaka 1962 mtayarishaji wa filamu Amilcare Zuccotti alimpa marehemu filamu yake ya kwanza ya kuongoza, Bibi Harusi wa Pangoni, ipigwe kwa siku kumi na nne, na siku ya kutia saini mkataba akamtazama juu mpaka chini. "Evaristo Cialfi? Kaka, hilo jina la muuza jibini," alimwambia. "Nani atatoa lira zake aje kutishwa na muuza jibini?" Ilikuwa desturi ya wakati ule, watu wetu hawakuamini kwamba mwenzao anaweza kuwatisha, walitaka jina la ng'ambo, basi kila mwongozaji akajibatiza, na Zuccotti akageuza macho mezani, akaona kopo la biskuti za Kiingereza alimokuwa akiwekea kalamu, limeandikwa jina la mwokaji, akasema, "Haya, kuanzia leo wewe ni Morton Peel." Marehemu alicheka, akachukua kalamu kutoka kwenye kopo lile lile, akatia saini mkataba kwa jina la Morton Peel, kwa mbwembwe na mkia mrefu chini yake, na utani huo ukawanogea wote wawili, akautia kwenye mikataba kumi na tisa, na jina la baba yake halikuandikwa hata mara moja.

Sasa filamu ile ilihitaji ukemi mmoja, pale bibi harusi anapoona kilichomo pangoni, na dada aliyeajiriwa kupiga ukemi alikuwa, kwa maneno ya marehemu, "anapiga kelele kama mtu aliyeachwa na basi." Basi siku ya Jumapili, tarehe 4 Novemba 1962, marehemu alikuja hapa na mashine ya kunasia sauti, akaiweka dirishani, akamwomba mama yake aite kama alivyokuwa akiita zamani. Bibi alimtazama kama mgonjwa. "Nikuite vipi na wewe umesimama mbele yangu? Majirani watasema Filomena kaingiwa na wazimu." Marehemu akamwacha dada yake Concezia, ambaye ndiye mama yangu mzazi, ashike kitufe, naye akashuka korongoni akapanda ng'ambo ya pili, na alipofika kule ukungu ukashuka ghafla, hata mkono wako huuoni. Bibi aliita mara ya kwanza kama kawaida, na marehemu, kwa sababu ya ufundi wake na ukaidi wake, hakuitika. Akaita mara ya pili, kimya. Mara ya tatu hakuwa tena anaita kwa ajili ya mashine, alikuwa mama aliyempoteza mwanawe katika korongo ambalo tayari lilikuwa limemmeza mwanawe mwingine, kaka mkubwa wa marehemu, aliyetumbukia humo akiwa mtoto, na wakati huo huo kengele ya saa sita ikalia. Marehemu alipotokea mlangoni, amelowa, akitabasamu, bibi alimzaba kofi moja zito, na mama yangu, kwa woga, alikuwa bado hajaachia kitufe, hivyo kofi nalo likanaswa.

Ukemi huo uliingia katika filamu ile na katika nyingine zote kumi na nane zilizofuata, mahali pamoja au pawili katika kila moja, na kofi nalo lilitumika mara saba. Marehemu alituambia kwamba ilikuwa biashara nzuri, mama mmoja kwa filamu kumi na tisa, lakini alipozeeka alikiri kwamba hakupata kuusikiliza bila kuona haya, kwa sababu aliitwa na hakuitika.

Marehemu alifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 24 Aprili 1965, huko Testaccio, Roma, na Bi Ondina Marcangeli, mpambaji nyuso, ambaye alijipatia sifa kwa damu yake ya bandia ya sukari, kakao na rangi nyekundu, iliyochemshwa katika sufuria za nyumbani, na siku bibi Filomena alipowatembelea alionja kijiko akidhani ni mchuzi wa pasta, akamwambia mkamwana wake kwa upole, "Mwanangu, umetia sukari mno, tia kitunguu." Mungu aliwajalia watoto wawili, Fausta, aliyezaliwa tarehe 8 Juni 1966, na Oreste, aliyezaliwa tarehe 30 Januari 1969, na wote wawili walianza kucheza maiti kabla ya kuanza shule. Oreste akiwa maiti aliwahi kupiga chafya, filamu ya kupigia ilikuwa imekwisha, baba yake akaiacha picha hivyo hivyo, bubu, maiti inashtuka kidogo na kutulia, na ninyi wageni wetu mmeandika kurasa na kurasa juu ya maana ya mshtuko ule, basi leo familia inawatangazia kwamba ilikuwa mafua.

Lakini hapa kijijini mambo hayakuwa matamu. Don Ubaldo hakuruhusu filamu zile, hivyo Pietrafosca haikuziona, iliona mabango tu yaliyobandikwa kituo cha basi, na kwenye mabango lilisomeka jina la Morton Peel, na Mzee Quirino Sabatelli, kinyozi wetu, alilining'iniza moja ndani ya duka lake ili kumchokoza bibi kila apitapo. "Bi Filomena, mwanao yuko wapi hapa? Au ndiye huyu popo?" Mzee Quirino, usijifiche nyuma ya nguzo, tunakuona, na ukweli lazima usomwe wote. Watu walimwamini kinyozi, wakasema Evaristo ni mbeba mizigo huko Roma anayejitapa, wakampa jina la Mwingereza, na kila alipokuja Agosti na gari lake la kuazima walimsalimia kwa kuvua kofia na kuinama. Bibi alijibu kila mtu, alijibu kwa ukali, lakini hakuwa na kitu cha kuonyesha kwa kidole, na siku tatu kabla ya kufariki kwake, tarehe 3 Mei 1984, alimshika marehemu mkono akamwambia, "Sikuombi uwe mtakatifu. Nataka siku moja jina la baba yako lionekane ukutani pale ukumbini, na liwe kubwa." Marehemu aliahidi. Wakati huo filamu za aina yake zilikuwa zimekwisha kufa, yeye anaongoza matangazo ya majokofu, na hakuwa na njia yoyote ya kutimiza alichoahidi, hivyo alimzika mama yake akiwa na deni hilo moyoni.

Miaka ikapita, na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakati filamu zile zinapigwa wakaanza kuzipenda, wakazitafuta kwenye maghala na masoko ya vitu vikuukuu, wakaanzisha matamasha ya kumheshimu Morton Peel, wakiulizana ni Mmarekani gani huyu anayejua kutisha namna hii. Mwezi Februari 2010 hifadhi moja ya filamu ya kaskazini, chini ya Bi Mafalda Orsenigo, ilitangaza kwamba itazisafisha zote kumi na tisa na kuandika jina la kweli la mwongozaji, marehemu akavaa suti akapanda treni, na alipofika akamkuta Ruggero Zuccotti, mtoto wa mtayarishaji, akiwa na sanduku la mikataba, anasema Morton Peel alikuwa baba yake. Katika mikataba yote kumi na tisa jina la Cialfi halikuwepo. "Saini hii ni yangu," alisema marehemu. Ruggero akamjibu, tena kwa adabu, "Mzee wangu, saini hii ni ya kopo, na kopo lilikuwa la baba." Watu wengi wa kazi ile walikuwa wamekufa, na Bi Ondina alikuwa mke, ushahidi wake haukuhesabiwa.

Marehemu alirudi nyumbani akaugua siku nne, si mwili, ni moyo. Siku ya tano aliamka akamwandikia Bi Orsenigo barua ya mistari miwili, akiomba kwamba kabla hajaamua alete mkanda wa sauti wa Bibi Harusi wa Pangoni katika ukumbi wa parokia wa Pietrafosca, aupige huku pazia la picha limefunikwa, watu wasikie tu, na Ruggero awepo. Bi Orsenigo alikubali, nadhani kwa huruma, na Jumamosi, tarehe 14 Agosti 2010, saa nne asubuhi, kijiji kizima kilijaa humo, nusu kwa upendo na nusu kuja kumwona Mwingereza akiaibika, na Mzee Quirino, miaka themanini na minne, akakaa mstari wa mbele.

Kwanza Bi Orsenigo alimuuliza Ruggero ukemi ulinaswa wapi, naye akajibu bila kusita, Roma, studioni, na mwigizaji aliyelipwa. Kisha mkanda ukapigwa. Zikasikika nyayo, matone ya maji, pumzi ya bibi harusi, halafu ukaja ule mwito, mrefu, ukapanda, ukagonga mwamba, ukakatika, na watu wazima wa Pietrafosca, wanaume wenye wajukuu, wakasimama wote kwa mara moja bila kuambiana, kama watoto walioitwa chakula. Mama yangu alianza kulia kwa sauti. Mzee Quirino alisimama na kofia mkononi, akapaza sauti ukumbi mzima ukasikia, "Huyo Filomena! Jamani, Filomena Iafolla huyo, anawaita watoto!" Na kabla hajamaliza likasikika kofi, na mama yangu, katikati ya machozi, akasema, "Na hilo alikula Evaristo, mimi ndiye niliyeshika kitufe!"

Ruggero alisema wazee wanaweza kufundishwa, na alikuwa na haki ya kusema hivyo, ila fundi sauti wa Bi Orsenigo aliomba mkanda urudishwe nyuma, akasikiliza chini ya mwito ule, akauliza hiyo ni kengele gani inayolia kama sufuria. Ni hii iliyo juu ya vichwa vyetu. Radi iliipasua mwaka 1958, ikalia na ufa wake kwa miaka minane mpaka ilipoyeyushwa na kusubiwa upya mwaka 1966, na Don Tarcisio alileta utepe wa sauti ya harusi ya mwaka 1961 uliotunzwa sakristia, ukapigwa kando ya ule wa filamu, ufa ukawa ni ule ule. Hakuna studio ya Roma yenye kengele ya San Rocco ya Pietrafosca. Ruggero Zuccotti alifunga sanduku lake, akamwendea marehemu akampa mkono, akasema, "Baba aliniambia ni yeye, sikujua," na marehemu, ambaye hakuwa mtu wa kinyongo, alimpeleka nje kula mishikaki ya kondoo, wakala ishirini na nane wao wawili.

Tarehe 16 Agosti 2011, sikukuu ya San Rocco, Bibi Harusi wa Pangoni ilionyeshwa katika ukumbi ule ule ikiwa imesafishwa, na Don Tarcisio alikuwa ametangaza altareni kwamba kiapo cha marehemu Don Ubaldo kilikuwa cha Don Ubaldo. Taa zikazimwa, na ukutani, toka pembe mpaka pembe, yakatokea maandishi: Imeongozwa na Evaristo Cialfi. Jina lilikaa sekunde kumi na moja, marehemu ndiye aliyeomba sekunde hizo, na chini yake likafuata jingine, ambalo pia aliliomba yeye: Sauti ya Filomena Iafolla. Wote mliokuwepo mnakumbuka vifijo vile, vigae viliruka juu ya paa, na Mzee Quirino ndiye aliyekuwa wa mwisho kuacha kupiga makofi, na mnamkumbuka marehemu, miaka themanini, akisimama peke yake mbele ya ukuta, mwanga wa jina lake umemmwagikia shatini, akisema, si kwetu, "Mama, liko kubwa." Alituambia kwamba hakuwahi kuwa na furaha kama ile, na sisi tuliomwona tunaamini.

Miaka saba iliyobaki aliitwa kila mahali, alisaini mabango, vitabu, na mkono mmoja wa bandia, sikuzote kwa jina lake zima, polepole, kama mtoto anayejifunza kuandika. Mwezi Machi 2018 alianza kusumbuliwa na mapafu, akalazwa Sulmona mara tatu, ambako aliwafundisha wauguzi kupiga ukemi wa sinema, na asubuhi ya Jumapili, tarehe 11 Novemba 2018, saa tatu na robo, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka themanini na saba, mkono wake katika mkono wa Bi Ondina. Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, kitukuu mmoja, na filamu kumi na tisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kufyeka njia, mafundi wenzake wa enzi za majokofu waliokuja wakiwa na mikongojo, Bi Orsenigo, Bwana Ruggero Zuccotti aliyesafiri usiku kucha kuja kubeba jeneza, na Mzee Quirino, ambaye kwa mkono wake mwenyewe alibandika matangazo ya msiba kutoka chemchemi mpaka kituo cha basi, yakiwa yamechapwa, kwa ombi lake, kwa ukubwa wa mabango ya sinema, na pale dukani kwake, palipokuwa na popo, sasa linasomeka jina la Evaristo Cialfi.

Limebaki jambo moja. Jeneza likifika mlangoni tutapiga makofi, kama ilivyo desturi yetu, na makofi yakiisha naomba sote tunyamaze, kwa sababu Don Tarcisio ametukubalia, na fundi yuko tayari pale juu na ile sauti ya tarehe 4 Novemba 1962 iliyotolewa kwenye mkanda wa filamu, mwito wa tatu, kama ulivyonaswa. Pumzika kwa amani, mjomba Evaristo Cialfi. Mama anakuita, na safari hii, itika.